Faida ya mkulima mdogo haipimwi kwa magunia

WAHENGA walinena kwamba mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Kwa kawaida methali hii hutajwa ili kumsifu mkulima kwa jasho lake linalolisha umma. Lakini anayeichunguza hali ya mkulima mdogo wa Kenya ataona kwamba methali hiyo ina maana nyingine iliyo chungu zaidi. Kabla mkulima huyo hajatia chochote mfukoni, wamekwisha kula muuza mbegu, muuza mbolea, muuza dawa, mwenye lori, dalali na mwenye kibanda cha sokoni. Yeye aliyetangulia kuamka ndiye anayefika mezani mwisho, na mara nyingi hukuta sahani imekwisha kukombwa.

Kila mvua za masika zinapokaribia, viongozi wetu husimama majukwaani wakataja idadi ya mifuko ya mbolea iliyosambazwa. Msimu wa mavuno ukifika, hutaja idadi ya magunia ya mahindi yanayotarajiwa kuvunwa. Hatuna ugomvi na hesabu hizo, kwani taifa lisilojua limevuna kiasi gani haliwezi kujilinda na njaa. Walakini ipo hesabu moja ambayo ni nadra kusikika. Baada ya kulipa gharama zote, mkulima amebaki na shilingi ngapi?

Swali hilo si dogo. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya familia milioni 6 humu nchini zinajishughulisha na kilimo. Walio wengi miongoni mwao wana vishamba vya ekari moja, mbili au tatu, navyo vinazidi kumegwa kila mzee anapowagawia wanawe urithi. Kijana aliyewaona wazazi wake wakilima miaka 30 bila kupata akiba hahitaji kuhubiriwa juu ya uzuri wa kilimo. Amekwisha kujionea. Ndiyo maana anauza kipande chake kwa wanaojenga nyumba za kupangisha, ananunua pikipiki, na shamba lililolisha vizazi vitatu linakuwa ploti.

Mkulima wa ekari mbili hawezi kushindana na mwenye ekari elfu mbili kwa wingi wa mazao. Nafasi yake ya kupata faida iko katika milango miwili. Wa kwanza ni kupunguza anachonunua kabla ya kupanda, na wa pili ni kulipwa haki yake baada ya kuvuna. Hii ndiyo milango anamoporwa, na sera zetu za kilimo zimezoea kuipita bila kuitazama.

Tuanze na mlango wa kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kenya ililegeza masharti ya biashara ya mbolea na mahindi, chini ya marekebisho ya kiuchumi yaliyohimizwa na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Serikali iliacha kupanga bei, wafanyabiashara wa kibinafsi wakaingia, na maduka ya pembejeo yakaenea hadi vijijini. Hilo lilikuwa na manufaa yake, kwa maana mkulima hakulazimika tena kusafiri hadi mji mkuu wa wilaya kutafuta mfuko mmoja. Lakini lilimfunga pia kwa kamba ndefu ambayo mwisho wake uko ng'ambo. Sehemu kubwa ya mbolea tunayotumia huja kwa meli, na bei yake hupangwa na mambo ambayo mkulima wa Kitale au Bungoma hawezi kuyaona wala kuyazuia.

Mwaka 2022 kamba hiyo ilikazwa. Urusi ilipoivamia Ukraine, bei ya mfuko wa kilo 50 ilipanda hata ikapita shilingi 6,000. Serikali iliyoingia madarakani mwaka huo ilileta mbolea ya ruzuku kwa shilingi 3,500, na mwaka uliofuata ikaipunguza hadi shilingi 2,500. Hiyo ilikuwa nafuu ya kweli, na asiyeikubali ni mwenye choyo. Hata hivyo, mwaka 2024, wakati wakulima wengi wamekwisha kupanda, iligunduliwa kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa chini ya mpango huo haikuwa na ubora uliotakiwa. Waziri wa Kilimo wa wakati huo alinusurika hoja ya kumwondoa mamlakani, na wakulima wakaahidiwa fidia. Lakini nani awezaye kumfidia mkulima msimu? Fedha hurudishwa, na mfuko hubadilishwa. Mvua iliyokwisha kupita haimrudii mtu.

Isitoshe, udongo wenyewe unalalamika. Katika sehemu nyingi za magharibi na za Bonde la Ufa udongo umezidi kuwa na asidi, na kutumia mbolea ya DAP mwaka baada ya mwaka ni mojawapo ya sababu zake. Udongo wa namna hiyo hushikilia virutubisho na kuunyima mmea, mpaka utiwe chokaa na samadi. Mkulima asiyepimiwa udongo wake hulipia mbolea ambayo sehemu yake haitamfaa kitu.

Wapo watakaodhani kwamba nahimiza mbolea ya viwandani itupwe. La hasha! Sri Lanka ilijaribu njia hiyo mwezi wa Aprili 2021, ilipopiga marufuku kwa ghafla uagizaji wa mbolea na dawa za kemikali. Mavuno ya mpunga na chai yaliporomoka, na kabla ya mwaka kumalizika serikali ya huko ikalazimika kulegeza amri yake. Udongo uliozoeshwa mbolea kwa miongo kadhaa haugeuzwi kwa tangazo la siku moja. Ninachosema ni kwamba mkulima asilazimike kununua dukani kile ambacho shamba lake linaweza kumpa.

Mifano ipo, tena ya humu humu nchini. Huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, watafiti wa kituo cha wadudu cha icipe, wakishirikiana na wenzao wa Kenya na Uingereza, walibuni katika miaka ya 1990 mbinu inayoitwa vuta-sukuma. Mkulima hupanda mahindi au mtama, na katikati ya mistari hupanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde ambao harufu yake huwafukuza nondo wa bungua, wale wanaotoboa mabua. Pembezoni mwa shamba hupanda nyasi za nepia, ambazo huwavuta nondo hao wakatage mayai huko. Desmodiamu hiyo hiyo huzuia gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, ambalo wenyeji wa Nyanza huliita kayongo, na huongeza naitrojeni udongoni. Kisha nepia na desmodiamu hulishwa ng'ombe, ng'ombe hutoa maziwa na samadi, na samadi hurudi shambani. Mbinu hii ina gharama zake, kwani msimu wa kwanza unataka kazi nyingi, na mbegu za desmodiamu si rahisi kupatikana kila mahali. Lakini ikishika mizizi hudumu miaka, na kila mwaka mkulima huokoa fedha ambazo angezipeleka dukani.

Mfano wa pili una umri mkubwa zaidi. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliitazama milima ya Machakos wakasema kwamba nchi hiyo imeharibika kwa mmomonyoko wa udongo, na kwamba watu wake wamezidi kiasi. Kufikia mwaka 1990 watu wa wilaya hiyo walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano. Kinyume na utabiri wa maafisa wale, mmomonyoko ulikuwa umepungua, na miteremko iliyokuwa mitupu ilikuwa imejaa matuta na miti. Uchunguzi wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, uliochapishwa mwaka 1994, uliufanya mkasa huo ujulikane duniani. Hata jina la matuta yale, "fanya juu", kwa sababu mchimbaji wa mtaro huutupa udongo upande wa juu, limeingia katika vitabu vya hifadhi ya udongo vya mataifa mengi bila kutafsiriwa.

Ni nini kilichowafanya Wakamba wachimbe matuta kwa mikono, katika vikundi vyao vya mwethya? Si amri pekee, kwa maana matuta ya kulazimishwa enzi za ukoloni yalichukiwa. Waliyachimba kwa bidii walipoona kwamba jasho hilo lina malipo. Kahawa, matunda na mboga vilipata soko, jiji la Nairobi halikuwa mbali, na fedha zilizotumwa nyumbani na waliofanya kazi mjini ziliwekezwa shambani. Hilo ndilo funzo ambalo wengi hulisahau. Kuutunza udongo na kupata faida ni mambo yanayotembea pamoja. Mkulima asiyepata faida hatautunza udongo hata akihubiriwa namna gani, na asiyeutunza udongo faida yake itakuwa ya misimu michache tu.

Suala la mbegu nalo limo katika mlango huu wa kwanza. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, kama ilivyorekebishwa mwaka 2012, ilimweka mkulima aliyeuza au kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa katika hatari ya kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya hadi shilingi milioni moja. Ajabu ni kwamba Katiba ya 2010, katika kifungu cha 11, ilikuwa imekwisha kuliagiza Bunge litunge sheria ya kulinda umiliki wa mbegu za kiasili na jinsi jamii zinavyozitumia. Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani, na mwezi wa Novemba 2025 Mahakama Kuu mjini Machakos ikaamua kwamba vifungu vilivyowazuia wakulima kuhifadhi, kubadilishana na kuuziana mbegu zao za kiasili vinapingana na Katiba. Uamuzi huo haumzuii yeyote kununua mbegu za kampuni. Mahindi ya mbegu chotara huzaa vizuri penye mvua na rutuba, na anayeyataka na ayanunue. Lakini mama anayechagua kunde na mtama bora wa msimu huu ili apande msimu ujao hapaswi kuitwa mhalifu.

Sasa tuugeukie mlango wa pili, ule wa sokoni. Hapa ndipo mahali ambapo jasho la msimu mzima huweza kuyeyuka kwa asubuhi moja.

Tazama biashara ya viazi. Wakulima wa Nyandarua, Nakuru, Meru na Elgeyo Marakwet wanaijua vyema lumbesa, lile gunia lililoongezwa kilemba cha nyavu juu ya mdomo wake hata likashindwa kusimama. Kanuni za viazi za mwaka 2019, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazao ya 2013, ziliweka kipimo cha juu cha kilo 50 kwa mfuko. Licha ya hayo, malalamiko kuhusu lumbesa hayajaisha. Basi na tufanye hesabu ndogo. Tuseme mkulima amevuna kilo 400, yaani mifuko 8 ya kilo 50. Dalali anakuja na magunia yake, kila moja linabeba kilo 80, naye analipa bei ya mfuko mmoja kwa kila gunia. Viazi vyote vinaingia katika magunia 5. Mkulima amelipwa mifuko 5, na mifuko 3 ametoa bure. Hakuna mbolea ya ruzuku inayoweza kuziba pengo hilo. Mkulima huyo angeweza kuongeza mavuno yake kwa robo, na bado ongezeko lote likamezwa na kilemba cha lumbesa.

Ni rahisi kumlaani dalali na kuishia hapo. Lakini haki itupasa kukiri kwamba dalali hufanya kazi ambayo wengine wameikataa. Ndiye anayefika penye barabara mbovu, ndiye mwenye lori, na ndiye anayelipa fedha taslimu siku hiyo hiyo, ilhali karo ya watoto inadaiwa. Nguvu zake zinatokana na upweke wa mkulima. Mkulima mmoja mwenye magunia matano hana sauti. Wakulima hamsini wenye ghala moja, mizani moja na msemaji mmoja wanayo. Ndiyo sababu vyama vya ushirika vinahitajika, ijapokuwa historia yetu imejaa vyama vilivyoliwa na viongozi wake. Dawa ya chama kilicholiwa ni ukaguzi wa hesabu na uchaguzi wa haki.

Kuna pia suala la wakati. Mkulima wa mahindi huuza baada tu ya kuvuna, bei ikiwa chini, kwa sababu ana madeni na hana mahali pakavu pa kuhifadhi. Miezi michache baadaye, yeye yule huenda sokoni na gorogoro kununua mahindi kwa bei ya juu, pengine yale yale aliyoyauza. Hifadhi mbaya si hasara ya fedha peke yake. Mwaka 2004, hasa katika sehemu za Makueni na Kitui, sumukuvu iliyotokana na mahindi yaliyohifadhiwa katika unyevu iliua watu 125. Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2019 ilikusudiwa kumpa mkulima njia ya kuweka nafaka yake katika ghala lililoidhinishwa, akapewa stakabadhi, na kwa stakabadhi hiyo akakopa huku akingoja bei ipande. Ni sheria njema. Lakini ghala likiwa umbali wa nauli ya shilingi elfu, sheria hiyo itamfaa mwenye lori zaidi kuliko mwenye punda.

Njia nyingine ni kulileta soko karibu. Zamani managu, saga, kunde na mchicha viliitwa mboga za maskini. Utafiti wa miaka mingi wa Profesa Mary Abukutsa-Onyango, wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ulisaidia kuonyesha utajiri wa virutubisho vilivyomo ndani ya mboga hizo, na leo zinapatikana katika hoteli na maduka makubwa ya Nairobi. Mboga hizi humfaa mkulima mdogo kwa kila hali. Hukomaa kwa majuma machache, hutosheka na samadi, na mbegu zake huweza kuhifadhiwa nyumbani. Upungufu wake ni mmoja, nao ni kwamba hunyauka upesi. Zinataka mnunuzi wa karibu.

Na mnunuzi wa karibu aliye mkubwa kuliko wote ni umma wenyewe. Kila kaunti ina shule, hospitali na vyuo ambavyo hupika kila siku. Jijini Nairobi, mpango wa Dishi na County ulioanza mwaka 2023 umewawezesha wanafunzi kupata chakula cha mchana kwa shilingi 5. Ikiwa watoto wetu watalishwa kwa fedha za umma, basi ni busara chakula hicho kitoke, kadiri iwezekanavyo, kwa vikundi vya wakulima walio jirani. Hili lina sharti moja, nalo ni malipo ya haraka. Kaunti zetu zimejulikana kwa kuwalimbikizia madeni wanaozihudumia. Mwanakandarasi mkubwa anaweza kungoja miezi sita. Mama anayeuza matita ya managu hawezi kungoja hata majuma mawili, na akicheleweshewa atarudi kwa dalali, naye atakuwa na haki.

Haya yote yanahitaji mwalimu. Tangu mwaka 2013 huduma za kilimo zimekuwa jukumu la kaunti, na katika sehemu nyingi bwana shamba amekuwa mtu wa kusimuliwa. Pengo lake limezibwa na mwenye duka la dawa, ambaye ndiye daktari na ndiye muuza dawa. Mwenye duka anatafuta riziki yake, na hatumlaumu. Lakini si kazi yake kumwambia mteja kwamba msimu huu hahitaji kununua kitu. Mbinu kama vuta-sukuma, matuta na mboji hazina kampuni ya kuzitangaza redioni, kwa sababu hazina cha kuuza. Zisipofundishwa na umma hazitafundishwa na yeyote.

Mwezi wa Novemba 2024 Serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa agroekolojia wa miaka kumi. Ni jambo la kupongezwa, ila makabati yetu yamejaa mikakati iliyozinduliwa kwa shangwe. Kinachotakiwa ni kila kaunti ipimwe kwa mambo yanayoonekana. Je, udongo wa mkulima umepimwa? Je, sokoni mna mizani, na anayevunja sheria ya kilo 50 hushtakiwa? Je, ghala liko umbali ambao punda anaweza kwenda na kurudi? Je, shule ya hapo kijijini inanunua kwa wakulima wa kijiji hicho, na inawalipa lini? Na juu ya hayo yote, baada ya mavuno, kila afisa wa kilimo na awaulize wakulima swali lile la mwanzo, aliandike jibu, na alipeleke kwa gavana: umebaki na shilingi ngapi?

Majibu hayatapendeza katika miaka ya kwanza. Pengine ndiyo sababu swali haliulizwi. Lakini bila ya swali hilo tutaendelea kuhesabu magunia huku wanaoyajaza wakiuza mashamba yao kipande kwa kipande. Walaji ni wengi na watazidi kuwa wengi. Mkulima ni mmoja, na siku atakapochoka hatutapata wa kumlaumu ila nafsi zetu.